Na pa fasi yake tunaweka nini? Historia fupi ya mafuta, moto wa ndani na mti wetu wa ngazi



Tangu nilipopata lisansi yangu ya agronomia, kuna swali moja ambalo watu wananiuliza kupita yale yote ya mbolea na ya mihogo yenye ugonjwa. Wanauliza hivi: "Wewe ulisoma mambo ya mashamba, utuambie kweli, mafuta ya ngazi iko inaua watu?" Wanaouliza ni wazee waliopimwa tension, ni vijana wanaosoma mambo kwenye simu, ni hata wakulima wa Fizi ambao nilikaa nao wakati wa memwari yangu. Mama yangu mukubwa naye yumo. Alipoambiwa kama tension yake iko juu, aliambiwa pia aache mawese. Akaacha. Pa fasi yake akaanza kununua majarini ya kopo, ile ngumu, na kuipaka kwa mkate kila asubuhi bila wasiwasi wowote, juu kopo lina picha ya moyo.

Mimi si munganga, na andiko hili halichukui nafasi ya munganga wako. Lakini mafuta haya yana historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita hapa kwetu, Kwilu na Yangambi. Nikiifuata mwaka kwa mwaka, naona jambo moja linarudi. Watu wanatafuta mafuta yenye hatia, wanayapata, wanayafukuza, kisha wanasahau kuuliza: na pa fasi yake tunaweka nini? Swali hilo liliposahauliwa, watu walikufa. Njo maana naliandikia.

1. Waganga watatu, majibu matatu

Tuanze na neno inflamasio. Mroma Celsus, katika karne ya kwanza, aliandika alama zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kila mtu aliyewahi kukanyaga musumari anazijua bila kusoma Kilatini. Neno lenyewe linatoka kwa moto, kwa hiyo hapa nitaliita moto wa ndani. Moto huu ni ulinzi. Chembe nyeupe za damu zinakimbilia pahali penye jeraha, zinakula vijidudu, zinasafisha, kisha moto unazimika. Shida inaanza pale moto haupati kuzimika. Unabaki kama makala chini ya majivu, mwaka baada ya mwaka, bila joto la kusikia wala maumivu.

Katika miaka ya 1850 waganga wawili wakubwa wa Ulaya walikuwa wanapasua maiti na kuangalia mishipa ya damu. Wote wawili waliona kitu kimoja: ukuta wa mshipa umekuwa mnene, mgumu, na ndani yake kuna uji wa manjano. Carl von Rokitansky, wa Vienna, akasema asili yake ni damu iliyoganda na kushikana na ukuta. Rudolf Virchow, Mjerumani, akasema hapana, ukuta wenyewe umewaka, na moto njo mwanzo.

Kisha ukaja mwaka 1913. Mrusi Nikolai Anitschkow, wa Saint-Pétersbourg, alichukua kolesteroli safi, akaiyeyusha ndani ya mafuta ya alizeti, akawalisha sungura. Mishipa ya sungura ikajaa uji ule ule wa manjano. Jibu lake likawa fupi: ni mafuta.

Damu iliyoganda, moto, mafuta. Yaweke majibu hayo matatu kichwani, tutarudi kwake. Kwa miaka mingi watu waliyashindanisha, na lile la mafuta likashinda, juu lilikuwa rahisi kuelewa: mafuta kwa sahani, mafuta kwa damu, mafuta kwa mshipa.

2. Mwaka 1911, pande mbili za bahari

Waganga wakiwa wanabishana, viwanda vilikuwa na shida yao. Siagi ilikuwa bei kali na miji ilikuwa imejaa watu. Mwaka 1869 Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès alitengeneza majarini ya kwanza kwa mafuta ya ng'ombe, akijibu wito wa Mfalme Napoléon III aliyetaka kitu cha bei ndogo kwa maskini na kwa waaskari. Baadaye mafuta ya ng'ombe hayakutosha, viwanda vikageukia mimea. Lakini mafuta mengi ya mimea ni ya maji, hayapakiki kwa mkate. Mwaka 1902 mwanakemia Mjerumani Wilhelm Normann alipata hati ya uvumbuzi wake: ukipitisha gesi ya idrojeni ndani ya mafuta yenye moto, pamoja na unga wa nikeli, mafuta ya maji yanaganda.

Hapa nisimame kidogo, juu hii njo kemia inayobeba habari yote. Chukua chembe moja ya mafuta uione kama kijiti cha kuni. Katika mafuta ya maji, kama ya soja ao ya karanga, vijiti vimepinda. Kuni zilizopinda hazifungiki vizuri, kila moja inasukuma nyingine, njo maana mafuta yanabaki maji. Katika mafuta ya ng'ombe vijiti vingi vimenyooka, vinalala pamoja, fungu linakuwa gumu. Ukitia idrojeni nusu nusu, vijiti vingine vinanyooka kwa njia isiyo ya kawaida: vinabaki na alama ya kijiti kilichopinda, lakini umbo lake limenyooka. Hayo njo yanaitwa mafuta ya transi. Kiasi kidogo kinapatikana kwa maziwa na nyama ya ng'ombe. Kiwanda kilileta kiasi ambacho mwili wa mtu haujawahi kukiona.

Mwaka 1911, huko Marekani, kampuni ya Procter & Gamble ilianza kuuza Crisco, mafuta meupe yaliyogandishwa kutoka mbegu za pamba. Mwaka ule ule wa 1911, William Lever, Mwingereza wa sabuni ya Sunlight, alitia sahihi mkataba na serikali ya Ubelgiji, na Huileries du Congo Belge ikazaliwa. Alipewa maeneo matano ya kuchagua mashamba ya ngazi. Lusanga, pale Kwilu, ikaitwa Leverville kwa jina lake. Hata leo wazee wa kule wanalitaja.

Wengi wetu tulisikia habari ya kauchu na mikono iliyokatwa. Habari ya ngazi tunaisikia kidogo. Wanaume walipaswa kupanda juu ya mti mrefu na kukata vichane, wake na watoto wanabeba, na bei iliamuliwa na mnunuzi. Jules Marchal, Mbelgiji aliyekuwa zamani mtumishi wa serikali ya koloni, aliandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo ya nguvu. Mwaka 1931 bei ya ngazi ilipoanguka na kodi ikabaki pale pale, Wapende wa Kwilu walisimama. Afisa mmoja wa Kibelgiji, Maximilien Balot, aliuawa, na jeshi la koloni likaua Wapende kwa mamia.

Mafuta yale yalikwenda wapi? Kwa sabuni, na kwa majarini. Mwanzoni mwa 1930 kampuni ya Lever iliungana na wafanyabiashara Waholanzi wa majarini, na jina likawa Unilever. Kwa hiyo wakati mtu wa Rotterdam ao Liverpool alikuwa anapaka mkate wake wa bei ndogo, Kongo ilikuwa ndani ya mkate ule.

Na kuna kitu kingine tulichokitoa. Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, na kitovu chake kikawa Yangambi. Pale, mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha siri ya ganda la ngazi. Aina ya dura ina ganda nene. Aina ya pisifera haina ganda, lakini mara nyingi vichane vyake vinaharibika mbele ya kukomaa. Ukichanganya hizo mbili unapata tenera: ganda jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi kutoka kwa shamba lile lile. Mashamba makubwa ya Malaisia na Indonesia yamesimama juu ya elimu hiyo. Leo nchi hizo mbili zinatoa zaidi ya 80 kwa 100 ya mawese yote ya dunia, na sisi wenye Yangambi tunanunua mafuta kutoka nje.

3. Moyo wa rais

Tarehe 24 Septemba 1955, Rais Eisenhower wa Marekani alishikwa na moyo akiwa Denver. Nchi nzima ikaanza kuuliza moyo unaharibiwa na nini. Kati ya waliokuwa na jibu tayari alikuwa Ancel Keys, wa chuo kikuu cha Minnesota. Kuanzia 1958 yeye na wenzake walifuata wanaume karibu 13,000 katika nchi saba: Marekani, Finland, Uholanzi, Italia, Yugoslavia, Ugiriki na Japani. Waliona kwamba pale watu wanakula sana mafuta ya kuganda, yale ya siagi na nyama nono, kolesteroli inapanda na vifo vya moyo vinapanda. Finland ya mashariki ilikuwa na hali mbaya. Kisiwa cha Krete, ambako watu wanakula mafuta mengi ya zeituni, kilikuwa na hali nzuri kabisa. Ona vizuri: utafiti wenyewe haukuhukumu mafuta yote.

Jirani zetu wa Uganda wamo pia ndani ya habari hii. Hugh Trowell, munganga Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30, aliona Waafrika wachache sana wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, na mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika juu ya mgonjwa mmoja kama jambo la pekee. Mwaka 1959 Shaper na Jones walilinganisha Waafrika na Wahindi wa Kampala. Wahindi walikuwa na kolesteroli ya juu na magonjwa ya moyo mengi. Waafrika waliokula ndizi na viazi hawakuwa nayo. Walikuwa wanakaa mji mmoja, chini ya jua moja. Tofauti ilikuwa kwa maisha yao, na kwa sahani zao.

Mwaka 1961 chama cha moyo cha Marekani kilitangaza: punguzeni mafuta ya kuganda, tumieni mafuta ya maji ya mimea. Shauri hilo lilikuwa na msingi. Lakini watu walilisikia nusu. Wengine walipunguza mafuta na kuongeza sukari na mikate myeupe. Na sukari ilikuwa na marafiki wake: mwaka 2016 ilijulikana kwamba wenye viwanda vya sukari waliwalipa watafiti wa Harvard, na mwaka 1967 watafiti hao wakachapisha andiko lililoelekeza lawama kwa mafuta na kuipunguzia sukari mzigo. Wengine waliacha siagi na kushika majarini ngumu, juu imeandikwa "ya mimea". Mimea ni jina zuri. Hakuna aliyeuliza mimea ile ilifanywa nini njiani.

Mtu mmoja tu, ao karibu mmoja, aliuliza. Fred Kummerow, wa chuo kikuu cha Illinois, alichapisha mwaka 1957 kwamba miili ya watu 24 waliokufa ilikuwa na mafuta ya transi ndani. Aliendelea kupiga kelele kwa miaka 50 na zaidi, na wengi hawakumsikiliza.

4. Vita juu ya mawese

Tufike miaka ya 1980. Huko Marekani mawese na mafuta ya nazi yalikuwa yanatumiwa kwa biskuti, na wenye soja hawakupenda. Chama cha walima soja kikaanza kampeni dhidi ya "mafuta ya nchi za joto". Wakati huo huo Phil Sokolof, mfanyabiashara wa Nebraska aliyepona moyo akiwa na miaka 43, akatumia pesa zake mwenyewe. Mwaka 1988 alinunua kurasa nzima za magazeti kuonyesha picha za biskuti na kuwalaumu wenye viwanda kwamba wanawapa Wamarekani sumu. Huyu alikuwa mtu wa moyo mwema, hakuwa na soja ya kuuza. Viwanda vikaogopa. Mwaka 1990 hata McDonald's ikaacha mafuta ya ng'ombe kwa viazi vyake.

Na pa fasi yake waliweka nini? Soja iliyogandishwa kwa idrojeni. Mafuta ya transi.

Mwaka ule ule wa 1990, Waholanzi Mensink na Katan walitoa matokeo yao. Waliwalisha watu wenye afya mafuta ya transi na kupima damu. Kolesteroli mbaya ilipanda, karibu kama kwa mafuta ya kuganda. Lakini kolesteroli nzuri nayo ikashuka, kitu ambacho mafuta ya kuganda hayakifanyi. Kwa maneno mengine, dawa ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Tafiti za 2004 na 2005 zikaongeza neno: wanawake wanaokula transi nyingi walikuwa na alama nyingi za moto wa ndani katika damu.

Denmark ilikata mwaka 2003: transi isipite 2 kwa 100 ya mafuta yote ndani ya chakula. Marekani ililazimisha kuandika kiasi chake juu ya karatasi ya kopo kuanzia 2006. Mwaka 2013 Kummerow aliishitaki ofisi ya chakula na dawa ya Marekani, na mwaka 2015 ofisi hiyo ikatangaza kwamba mafuta yaliyotiwa idrojeni nusu si salama tena. Mzee alikuwa na miaka 100. Alikufa 2017. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaomba nchi zote ziondoe transi ya viwanda, likisema inahusika na vifo karibu 500,000 kila mwaka.

Na viwanda, pa fasi ya transi, viliweka nini? Mawese! Juu mawese yanaganda nusu yenyewe, bila idrojeni. Mti uliofukuzwa ukarudi kwa mlango wa nyuma, ukiwa na mbegu yenye asili ya elimu ya Yangambi. Ila mara hii pesa zilikwenda Asia.

5. Moto unarudi

Sasa turudi kwa Virchow. Mafuta yalikuwa yameshinda, lakini watu wenye kolesteroli ya kawaida walikuwa wanakufa na moyo. Kitu fulani kilikuwa kinakosekana.

Kuanzia 1973 Russell Ross, wa Seattle, alisema mshipa unaanza kuugua pale ukuta wake unapojeruhiwa, na mwili unajibu. Mwaka 1999 aliandika wazi: huu ni ugonjwa wa moto wa ndani. Mwaka 1997 Paul Ridker na wenzake, wa Boston, walikuwa wameonyesha kwamba wanaume wenye afya, lakini wenye CRP ya juu, walipata moyo na kupooza kuliko wengine. CRP ni protini ambayo ini linatoa wakati kuna moto mwilini. Ilijulikana tangu 1930 kwa wagonjwa wa mapafu, na hata malaria inaipandisha.

Lakini alama si sababu. Moshi unaonyesha moto, hauwashi moto. Uthibitisho ulikuja 2017. Watu zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata moyo, na wenye CRP ya juu, walipewa canakinumab, dawa inayozima njia moja ya moto bila kugusa kolesteroli. Kwa kipimo kimoja, hatari ya moyo, kupooza na kifo cha moyo ilipungua kwa 15 kwa 100. Virchow alikuwa amesubiri zaidi ya miaka 160. Lakini waliokufa na maambukizo waliongezeka kidogo, juu moto ule ule njo unatulinda. Haizimwi tu hivi hivi.

Basi, ukiunganisha, habari inakuwa hivi. Chembe zinazobeba kolesteroli mbaya zinaingia ndani ya ukuta wa mshipa. Pale zinaharibika. Chembe nyeupe zinakuja kuzila, zinashiba mpaka zinajaa mafuta na kubaki pale, zikiita nyingine. Moto unaendelea, unakula ukuta polepole. Siku moja ukuta unapasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unafungwa. Mafuta ya Anitschkow, moto wa Virchow, damu iliyoganda ya Rokitansky. Waganga watatu waliobishana walikuwa wameshika kila mmoja sehemu yake.

Na mafuta hayalishi moto kwa mlango mmoja tu. Mwili unatengeneza wajumbe wa moto kutoka kwa mafuta yaliyo ndani ya kuta za chembe zetu. Mwaka 1971 John Vane, wa London, alionyesha kwamba aspirini inafanya kazi kwa kuzuia wajumbe hao. Mwaka 1993 watafiti wa Boston waliona kwamba panya wanene wanatoa, kutoka kwa mafuta yao ya tumboni, mjumbe wa moto anayezuia insulini kufanya kazi. Njo maana tumbo kubwa linafuatana na sukari. Tumbo ambalo kwetu lilikuwa alama ya mtu aliyefaulu, ndani yake kuna makala yanayowaka. Moshi wa sigara unaongeza. Moshi wa jiko ndani ya nyumba iliyofungwa unaongeza.

6. Tuje kwa sufuria yetu

Sasa nijibu swali la mama mukubwa.

Mawese yana karibu nusu ya mafuta ya kuganda. Ukilinganisha na mafuta ya maji kama soja ao alizeti, yanapandisha kolesteroli mbaya kidogo. Hilo ni kweli, na mwenye kupenda ngazi kama mimi hapaswi kulificha. Lakini hayana transi ya kiwanda. Na yale mekundu yana karoteni nyingi, ambayo mwili unaigeuza vitamini A. Ukiyasafisha kiwandani mpaka yawe meupe, ao ukiyachoma kwa sufuria mpaka rangi iishe, karoteni inakwenda na mafuta ya kuganda yanabaki. Kijiko cha mawese mekundu ndani ya sombe na bidoni ya mafuta yanayokaanga mandazi siku tatu mfululizo si kitu kimoja, hata kama yametoka kwa mti mmoja.

Kwa tension yenyewe, adui wa kwanza ndani ya sahani ni chumvi, pamoja na vile vitu vya kutia ladha tunavyomwaga ndani ya mboga. Aliyemwambia mama aache mawese hakumwambia neno juu ya chumvi.

Na pa fasi yake? Kama unapunguza mawese, weka mafuta ya maji: karanga, soja, alizeti. Ongeza maharagwe, lengalenga, ndakala na sambaza. Usiweke majarini ambayo juu ya kopo lake imeandikwa kwa Kifaransa "partiellement hydrogénée". Maneno hayo mawili, bandugu, ni Normann wa 1902 anakusalimia. Mama mukubwa hasomi Kifaransa. Sisi tunasoma. Diploma yetu ifanye walau kazi hiyo.

Kuna pia sauti mpya kwenye simu zetu: kwamba mafuta yote ya mbegu ni sumu inayowasha moto wa ndani. Majaribio ya kulisha watu mafuta hayo na kupima alama za moto hayakuonyesha kwamba zinapanda. Ni wimbo ule ule wa 1988, wamebadilisha tu jina la mshitakiwa.

Nchi iliyojibu swali letu vizuri ni Finland. Mwaka 1972, katika jimbo la Karelia Kaskazini, Pekka Puska na wenzake walianza kupunguza siagi, chumvi na sigara, kijiji kwa kijiji. Hawakuishia kukataza. Mafuta ya mbegu inayokomaa katika baridi yao yakachukua nafasi ya siagi, na wafugaji wa maziwa walioogopa kupoteza mkate walisaidiwa kulima matunda madogo ya kule. Baada ya miaka 40 hivi, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kazi vilikuwa vimeshuka zaidi ya 80 kwa 100. Waganga walikuwemo, lakini na waagronomia walikuwemo.

Njo hapa ninapotaka tufike. Mkulima wa Fizi mwenye miti 200 ya ngazi hawezi kuikata juu ya hotuba ya afya. Watoto wake wanasoma kwa ngazi ile. Lakini anaweza kupanda karanga kati ya miche ya tenera mpya ingali midogo, na kuuza mawese mekundu, safi, yasiyochanganywa. Nani atamletea mbegu? Nani atapima mafuta yanayoingia kwa mipaka yetu na kutuambia kuna transi kiasi gani ndani? Tuna wenzetu wa kemia, wa afya, wa sheria, wa agronomia, wengi wamekaa nyumbani wakingoja kazi ya ofisi.

Nawaachia kazi ndogo kwa wiki hii. Ingia jikoni kwenu, chukua kila kopo na kila bidoni, soma kilichoandikwa, umwelezee mama kwa lugha anayoisikia. Kisha utuandikie hapa ulichokuta. Wa afya na wa kemia, pale nimekosea munisahihishe.